Atticus Finch akiwa nyumbani: mapitio ya To Kill a Mockingbird kwa wasomaji wa Tanga

Ukimsikia mtu anaisifu To Kill a Mockingbird, muulize anasifu sura ipi. Wengi watakupeleka moja kwa moja mahakamani: wakili mzungu, Atticus Finch, amevua koti na kulegeza tai, anamtetea Tom Robinson, Mweusi aliyesingiziwa ubakaji, mbele ya jopo la watu weupe 12. Hiyo ni sura ya 20, na sifa inazopewa inazistahili. Ila riwaya ina sura 31, na mashahidi, hotuba na hukumu vimekaa ndani ya sura tano tu, ya 17 hadi ya 21. Kwingine kote ni nyumba: baba mjane, watoto wawili, mpishi, shangazi aliyehamia bila kuombwa, na mtaa wenye macho mengi. Anayekinunua kitabu hiki ili amsome baba, na mapitio haya yanaandikwa kwa ajili yake, atavuna zaidi huko kuliko mahakamani.

Mambo ya msingi kwanza. Harper Lee alizaliwa mwaka 1926 Monroeville, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, na baba yake alikuwa wakili. Riwaya ilitoka Julai 1960 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Pulitzer. Hadithi inatendeka Maycomb, mji wa kubuni katika jimbo hilohilo, kati ya 1933 na 1935, wakati uchumi umeanguka na sheria inawatenga weusi na weupe. Kwa msomaji wa Tanga hilo halihitaji semina. Mji huu nao uligawanywa kwa rangi enzi za ukoloni, Raskazone ya Wazungu na Ngamiani, yenye barabara zake za namba, ya Waafrika. Kitabu kilipotoka Tanganyika ilikuwa bado inasubiri uhuru.

Msimulizi ni Scout, binti wa Atticus, anayeanza hadithi akikaribia miaka sita. Kaka yake Jem amemzidi miaka minne. Mama alifariki Scout akiwa na miaka miwili. Baba anakaribia 50, anavaa miwani, hachezi mpira na wazazi wenzake, na watoto wanamwita kwa jina lake: Atticus. Hapa ndipo msomaji wetu wa kwanza hukunja uso. Mtoto wa miaka sita anamwita baba yake jina kavu, hakuna shikamoo wala baba! Usikifunge kitabu kwa sababu hiyo. Utaona baadaye kwamba watoto hawa wanamheshimu baba yao kuliko chochote kilichomo Maycomb, na heshima hiyo ina chanzo kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Huku kwetu baba mwadilifu tumezoea kumsikia kwa sauti ya wosia. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapahapa Tanga, alimtungia mwanawe wa kiume utenzi wa Adili na binti yake utenzi wa Hati. Kabla yake Mwana Kupona alimwachia binti yake utendi wa 1858 ambao bado unasomwa pwani nzima. Mzazi anaketi, mtoto anasikiliza, beti zinafuatana. Anayeingia Maycomb akitarajia jambo hilo atasubiri sana. Onyo la Atticus huwa sentensi mbili tatu, kisha anarudi kwenye gazeti lake. Yeye analea kwa utaratibu. Nyumba yake anaiendesha jinsi mahakama inavyopaswa kuendeshwa: kila upande unasikilizwa kabla ya uamuzi, hata kama mshitakiwa hajamaliza meno ya utotoni. Kisha riwaya inampeleka kwenye mahakama halisi, ambako kila hatua ya sheria inafuatwa na hakuna anayesikilizwa.

Ushahidi wa hilo uko sura ya 9, sura bora ya malezi katika kitabu chote. Wakati wa Krismasi Scout anampiga ngumi Francis, mjukuu wa shangazi Alexandra, kwa sababu Francis amemtukana Atticus kwa kumtetea mtu mweusi. Baba mdogo Jack, daktari asiye na watoto, anamkamata Scout na kumchapa bila kuuliza lolote. Baadaye Scout anamweleza kosa lake kwa utulivu unaoaibisha: hakutaka kusikia upande wake, wakati Atticus, yeye na Jem wanapogombana, huwa anasikiliza wote wawili. Jack anauliza, anaelezwa, anaishiwa nguvu. Angalia mpangilio wa mwandishi. Hajamleta Atticus ajisifu. Amemleta ndugu yake akosee, tuone kwa kulinganisha.

Sura hiyohiyo ina kanuni nyingine inayofaa kujaribiwa nyumbani. Scout anamuuliza Jack maana ya neno chafu alilolisikia, Jack anazungushazungusha maneno na kubadilisha mada. Atticus akisimuliwa anamwambia nduguye kwamba mtoto akiuliza ajibiwe, lakini jibu lisigeuzwe tamasha. Sura ya 14 inaonyesha anavyofanya mwenyewe. Scout, aliyelisikia neno mjini, anamuuliza baba yake, anayesoma gazeti, kubaka ni nini. Atticus anashusha pumzi, anatoa maana ya kisheria kwa sentensi moja, basi. Mtoto hakuelewa yote, ila alijua swali lake si dhambi. Wazazi wanaoiga hapa huharibu kwa njia mbili: wanatoa mhadhara wa nusu saa, au wanajibu sawa halafu wanamkaripia mtoto amelisikia wapi neno hilo. Atticus halifanyi hata moja kati ya hayo.

Na ni katika sura ya 9 pia ambamo Scout anauliza kwa nini baba amekubali kesi ya Tom. Majibu yanayokaririwa na wengi ni ya haki na usawa. Jibu lenyewe ni la kinyumbani zaidi. Atticus anasema kwamba asipoitetea kesi hiyo hataweza kuinua kichwa mjini, hataweza kuiwakilisha wilaya yake bungeni, na, hapa ndipo penye uzito, hataweza tena kumwambia Scout wala Jem waache jambo lolote. Mamlaka ya baba juu ya mtoto wake ameyaweka rehani kwenye kesi ya mtu mwingine. Msomaji akiikosa sentensi hiyo ataona wakili jasiri tu na kumpoteza baba.

Turudi sura ya 3, ambayo watu huipita haraka. Siku ya kwanza ya shule mwalimu anamgombeza Scout kwa sababu tayari anajua kusoma, anaagiza baba yake aache kumfundisha. Jioni mtoto anatangaza kwamba haendi tena shule. Hatua za Atticus ni hizi: anamwacha amalize malalamiko yote, anamwomba ajaribu kuyatazama mambo akiwa ndani ya ngozi ya yule mwalimu mgeni, anakataa katakata suala la kuacha shule, kisha anatoa makubaliano, Scout ataenda shule na wao wataendelea kusoma kila usiku kama zamani. Mpango mzuri. Ila unamalizika kwa kumwomba mtoto asiyataje makubaliano hayo shuleni. Wanaomchora Atticus kama malaika hulisahau kipengele hicho, na kwenye mjadala wa wazazi ndicho kinachowasha moto kuliko vyote: je, baba amefundisha busara, au amefundisha kumficha mwalimu?

Ndani ya sura hiyo kuna mlo wa mchana unaostahili kusomwa mara mbili. Walter Cunningham, mtoto wa mkulima asiye na senti, amealikwa kula. Anaomba sharubati nzito ya sukari na kuimwaga juu ya nyama na mboga. Scout anamcheka kwa sauti. Calpurnia, mpishi mweusi, anamwita Scout jikoni, anamweleza kwamba anayeingia mlango wa nyumba ile ni mgeni, hata akila kitambaa cha meza, kisha anampeleka na sahani yake akalie chakula jikoni kwa kofi. Scout anataka Calpurnia afukuzwe. Atticus anakataa bila kupepesa macho. Kwa Alabama ya 1933, mzungu kusimama na mpishi wake mweusi dhidi ya binti yake mwenyewe si jambo dogo, na mtoto amelijua kabla hajasikia hata neno moja kuhusu kesi. Mezani, Atticus na Walter walikuwa wakizungumza mazao kama watu wazima wawili.

Sura ya 10 ni mbwa mwenye kichaa. Ni Februari, mbwa anayumba barabarani, sherifu Heck Tate ana bunduki lakini anampa Atticus. Atticus anaangusha miwani yake, anapiga risasi moja, mbwa anaanguka. Watoto wamepigwa na butwaa: baba waliyemdhania mzee asiyejua kitu alikuwa mlengaji bora wa wilaya na hakuwahi kusema. Anayewaeleza ni jirani, Miss Maudie. Watoto walikuwa wamepewa bunduki za upepo lakini aliyewafundisha kulenga ni baba mdogo. Atticus alisema tu kwamba ni dhambi kumuua mockingbird, ndege aigaye milio ya ndege wenzake. Miss Maudie ndiye aliyeeleza sababu: hadhuru bustani wala ghala na kazi yake ni kuimba. Sura fupi, inajieleza.

Ya 11 ndiyo ngumu. Bi Dubose, kikongwe mgonjwa, huwatukana watoto kila wanapopita, na siku moja anamtukana Atticus. Jem anashikwa na hasira, anakatakata maua yote ya kamelia kwenye bustani yake. Baba hampigi. Anamtuma arudi saa hiyohiyo, peke yake, akaombe radhi. Kikongwe anataka asomewe: kila siku baada ya shule na Jumamosi, kwa muda wa saa mbili, mwezi mmoja. Atticus anasema atakwenda. Chumba kinanuka, mgonjwa anatokwa na udenda, na kuna saa ya kengele ambayo kila siku inachelewa kidogo kulia. Mwezi unaisha, anaongeza wiki. Muda si mrefu Bi Dubose anafariki, na hapo ndipo baba anapofichua: alikuwa mtumwa wa mofini aliyopewa kwa maumivu, akaamua kufa akiwa huru, na ile saa ya kengele ilikuwa ikipima muda anaokaa bila dawa. Atticus anaongeza kwamba hata Jem asingekata maua angemtuma tu. Alitaka aone ushujaa usiokuwa na bunduki.

Baba anayetaka kuiga adhabu hii ajue imebebwa na nguzo mbili. Ya kwanza, Atticus mwenyewe alikuwa akimvulia kofia kikongwe yule kila jioni na kumsifia, matusi na yote, kwa hiyo hakumpeleka mtoto mahali asipopakanyaga. Ya pili, maelezo yalikuja. Yalichelewa, lakini yalikuja. Adhabu ya aina hii ikikosa siku ya maelezo inabaki ukatili tu, na mtoto ataikumbuka hivyo.

Sasa mahakamani. Msomaji wa Tanzania anahitaji kujua jambo moja kabla ya kuanza: kwetu hukumu hutolewa na hakimu au jaji, lakini Maycomb wanaoamua hatia ni raia 12, na lazima wakubaliane wote. Jaji Taylor anasimamia tu. Ni yeye aliyempa Atticus kesi hii.

Utetezi umejengwa kwa maswali ya dodoso na unapaswa kusomwa polepole. Kwanza Atticus anamuuliza sherifu, tena na tena, kama kuna aliyemwita daktari. Hakuna aliyemwita: kwa hiyo hakuna uthibitisho wa kitabibu kwamba kosa limetendeka. Pili, jicho lipi la Mayella Ewell liliumizwa? Sherifu anasema kushoto, kisha anajisahihisha: kulia. Tatu, Bob Ewell, baba yake Mayella, anaombwa aandike jina lake juu ya bahasha, naye anaandika kwa mkono wa kushoto. Mwisho, Tom anasimama na mahakama nzima inaona mkono wake wa kushoto umepooza, mfupi kuliko wa kulia kwa inchi 12, ulinaswa na mashine ya kuchambua pamba alipokuwa mtoto. Msomaji anayeijua mikonge, aliyewahi kuona mtu aliyeachwa bila vidole na korona, mashine ya kuchakata mkonge, ataielewa hoja hii kabla Jem hajairukia. Aliyempiga Mayella upande wa kulia wa uso alitumia kushoto. Tom hana kushoto.

Hoja imekamilika, na haitoshi. Tom anafungwa na jibu moja la huruma: anaulizwa kwa nini alikuwa akimsaidia Mayella kazi bure, anasema alimwonea huruma. Mweusi kumwonea huruma mzungu! Ukumbi unakaza. Jopo linarudi baada ya saa tano usiku na kumtia hatiani. Kwa msomaji aliyekulia juu ya Kusadikika ya mwaka 1951, linganisho linajileta lenyewe. Karama naye amesimama mbele ya baraza lenye chuki, anajitetea kwa kisa baada ya kisa, na hoja zake zinawafungua hata wafungwa wa zamani. Kwa Shaaban Robert hoja ikinyooka baraza linanyooka. Harper Lee haamini hivyo, na Atticus mwenyewe alimwambia Scout mapema kwamba wameshindwa miaka mia kabla ya kuanza. Kinachobaki kwa baba ni swali la sura ya 22: Jem anarudi akilia, atamwambia nini? Anasema kidogo sana. Asubuhi jikoni kumejaa kuku, mboga na mikate iliyoletwa na familia za weusi, na macho yake yanajaa machozi. Anaagiza waambiwe asante, na kwamba wasirudie, maisha ni magumu.

Sifa zikiishia hapo mapitio haya yatakuwa tangazo la biashara. Baba huyu ana upofu, tena unaogharimu. Bob Ewell anamtemea mate usoni, anaapa kulipiza. Watoto wanaogopa. Atticus anawatuliza: mtu yule ameshatoa hasira zake, amekwisha. Amekosea kabisa. Usiku wa Halloween, sikukuu ya Marekani ya kuvaa vinyago, Ewell anawavamia watoto gizani kwa kisu, Jem anavunjika mkono kwenye kiwiko, na wanaokolewa na jirani mwoga wa watu, Boo Radley. Mzizi wa kosa ni uleule wa wema wake. Kila mtu anamtafutia sababu ya kueleweka, akiwemo asiyestahili. Anawaambia watoto kwamba Ku Klux Klan, kundi la weupe lililowatisha weusi, ni jambo la zamani lililokwisha. Usiku wa gerezani, sura ya 15, watu wanapokuja kumtoa Tom wamuue, Atticus ameketi mlangoni na gazeti na taa ya umeme aliyoivuta kwa waya mrefu. Kinachowarudisha nyuma ni Scout, anayemtambua Bwana Cunningham kati yao na kumsalimia, na kumuulizia habari za Walter. Jem naye amekataa amri ya baba ya kurudi nyumbani. Wangetii, Tom angekuwaje? Fikiria hilo unapomhubiria mtoto utii.

Lawama nzito zaidi ilitolewa na mwanasheria Monroe Freedman mwaka 1992: Atticus anaishi na kula ndani ya mfumo wa ubaguzi, kesi ya Tom amepewa na jaji hakuitafuta, na nje ya kesi hiyo haupingi mfumo wenyewe. Ni lawama ya kweli, na riwaya yenyewe inaiunga mkono kwa kinachokosekana. Tom ana mke, Helen, na watoto watatu. Nyumba yao tunaiona kwa mbali tu. Calpurnia tunamfuata kanisani First Purchase katika sura ya 12, sura pekee inayotuonyesha maisha yake nje ya jiko la mzungu, kisha mlango unafungwa. Tom anapigwa risasi 17 akijaribu kutoroka gerezani, nasi tunaipata habari hiyo kwenye chai ya akina mama weupe wanaowahurumia Waafrika wa mbali. Kejeli hiyo ni ya makusudi na ni kali. Hata hivyo msomaji Mwafrika ataendelea kujiuliza kwa nini maumivu ya weusi lazima yapitie macho ya mtoto mweupe. Ajiulize. Kitabu kinastahimili swali hilo.

Mtihani wa mwisho wa baba uko sura ya 30. Ewell amekufa. Atticus anadhani Jem ndiye aliyemuua, na bila kusita anataka jambo lipelekwe mahakamani hadharani, kwa maana hawezi kuishi namna moja mjini na nyingine nyumbani. Sherifu Tate anang'ang'ania kwamba Ewell aliangukia kisu chake, akimlinda Boo. Atticus anakubali. Yule aliyekataa kumfichia mwanawe amekubali kumfichia jirani. Hakuna sehemu ya kitabu inayofaa mjadala wa baraza kuliko hii, na afadhali wazazi waianze wao kabla watoto hawajawauliza.

Upande wa ununuzi. Kiingereza chake ni cha kusini mwa Marekani cha miaka ya 1930, watu wanakata maneno na kuyameza, na aliyezoea Kiingereza cha vitabu vya shule atakwama mapema. Dawa ni kusoma kwa sauti. Maneno yanayoonekana mageni kwa macho hueleweka masikioni. Rekodi ya sauti iliyosomwa na Sissy Spacek, ambaye lafudhi hiyo ni ya kwao, inasaidia sana. Ukinunua mtumba au kopi iliyotolewa fotokopi, hakiki mambo mawili papo hapo: sehemu ya pili ianze na sura ya 12, na mwisho uwe sura ya 31. Kopi za bei rahisi hupoteza kurasa za mwisho, na msomaji anabaki hajui Boo alifika vipi nyumbani. Angalia pia usiuziwe kitabu cha muhtasari wa mitihani chenye jina lilelile kubwa jaladani. Hivyo huwa vyembamba na vina maswali mwishoni. Kwa kijana anayekimbia maandishi marefu kuna toleo la picha la Fred Fordham la 2018, lenye kufuata hadithi kwa uaminifu.

Kwa familia inayosoma pamoja baada ya chakula cha usiku, sura moja kwa kikao inatosha, mbili zikiwa fupi. Kurasa za mwanzo za sura ya 1 zimejaa ukoo wa Finch na historia ya mji. Mtoto wa darasa la sita au la saba atasinzia. Zisimulie kwa Kiswahili kwa dakika tano, uanzie pale Dill, rafiki wa watoto hawa, anapotokea. Sura za 17 hadi 19 zisikatwe katikati, kwa kuwa ushahidi wa jicho na mkono hupotea ukilala nao. Lile tusi la rangi limerudiwa mara nyingi; amueni mapema kama msomaji atalitamka au ataliruka, mseme sababu, msibadilishe katikati. Chini ya miaka 12 kesi ya ubakaji ni nzito, ingawa sura 11 za kwanza zinafaa hata kabla ya hapo na zinasimama zenyewe.

Filamu ya 1962 iache iwe ya baadaye. Gregory Peck alipata Oscar kwa kumwigiza Atticus na aliistahili, lakini filamu imemfuta kabisa shangazi Alexandra, imeacha siri ya mofini ya Bi Dubose, na imeisogeza mahakama mbele. Anayeanza nayo humkuta wakili na kumkosa baba.

Kuna na Go Set a Watchman, riwaya nyingine ya Harper Lee, iliyotoka Julai 2015 ingawa iliandikwa kabla ya hiki. Humo Atticus ana miaka 72, anahudhuria mikutano ya watetezi wa ubaguzi, na Scout mtu mzima anarudi nyumbani na kumkuta hivyo. Ikipimwa kama riwaya, ni dhaifu: mazungumzo ni marefu na hadithi haijaiva. Kwa kijana wa kidato cha tano au sita aliyempenda Atticus kupita kiasi inafaa kusomwa, ila apewe miezi kadhaa baada ya cha kwanza, na mtu wa kubishana naye awe karibu.